Ukuta wa Mbogo Juu ya Gisenyi

Msafiri atokaye Kigali kwenda Gisenyi husafiri kiasi cha kilomita 160, akipita Musanze na mashamba yake yaliyopandwa hadi kwenye migongo ya vilima, kabla hajaliona Ziwa Kivu likimeta mbali chini yake. Kutoka hapo barabara hushuka kwa mizunguko mingi, baridi ya milimani hulegea, na mara mji hutokea ufukoni ukiwa na njia pana, miti ya kivuli na bustani zinazokaribia kugusa maji. Upande wa kaskazini umesimama mlima Nyiragongo, wenye urefu wa meta 3,470, ambao usiku huonyesha wekundu wake mawinguni. Mlima huo uko ng'ambo, katika nchi ya Kongo, lakini hasira zake za mwaka 1977, 2002 na 2021 wakazi wa Gisenyi wanazikumbuka kama jambo la nyumbani kwao.

Mpaka hauko mbali. Mtu aweza kutoka sokoni Gisenyi na kuingia Goma kwa miguu, na maelfu hufanya hivyo kila kuchapo. Ndiyo sababu Kiswahili husikika hapa tangu zamani, hata kabla hakijafanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017. Tangu mwaka 2006 wilaya yenyewe huitwa Rubavu, lakini jina la Gisenyi halikutoka midomoni mwa watu.

Wengi wajao hapa hufuata ziwa. Hutaka kuoga, kula sambaza, wale dagaa waliotolewa Ziwa Tanganyika na kutiwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950, au kuloweka miguu katika chemchemi za maji moto kule Nyamyumba. Hao wote hupita karibu na soko bila ya kuyatazama sana magunia ya viazi mviringo yaliyopangwa humo, pamoja na karoti, vitunguu na kabichi za ukubwa usiojulikana pwani. Lakini magunia hayo yana habari yake. Viazi vile vimeshuka kutoka nyanda za juu, kwenye udongo mweusi wa volkano, na sehemu yake imelimwa hatua chache kutoka mwituni. Kwa mama aliyevipanda huko, kupanda na kupalilia ilikuwa kazi ndogo. Kazi kubwa ilikuwa kuvilinda.

WAGENI WADOGO WA BUSTANINI

Kabla ya kupanda huko juu, yafaa msafiri atulie kidogo katika bustani za ufukoni, kwani vita vile vile hupiganwa hapa kwa udogo. Ndege wa Gisenyi ni furaha ya macho. Mdiria mwenye madoa meusi na meupe huelea juu ya maji kama aliyetundikwa kwa uzi, kisha akajitupa; chozi hunyonya maua; mwewe huzunguka juu akitazama samaki walioanikwa. Mwenye nyumba awekaye kisahani cha maji na punje chache chini ya mti hatakaa peke yake asubuhi.

Taabu ni kwamba mwaliko huo hausomwi na ndege peke yao. Katika Marekani ya Kaskazini, ambako kuwawekea ndege chakula uani ni desturi kubwa, hususan wakati wa theluji, watu hulalamika kila mwaka juu ya kindi na juu ya mnyama mmoja wa huko aitwaye rakuni, mwenye uso uliopakwa weusi kama barakoa na vidole vyepesi vya kufungulia vifuniko. Huku kwetu rakuni hayupo, ila panya yupo, na panya hahitaji kufundishwa. Punje zilizomwagika jioni humwita usiku. Akishazizoea huhamia jikoni. Na panya akihamia jikoni, nyoka naye huiona njia.

Dawa iliyofaa huko ndiyo ile ile inayofaa kwenye ghala zetu za miguu. Nguzo iliyobeba chakula huvishwa bati laini lililokunjwa mfano wa faneli iliyopinduliwa, mdomo mpana ukitazama chini, kiasi cha meta moja kutoka ardhini, ili panya apandaye akute paa juu ya kichwa chake na asipate pa kushika. Bati hilo halina kazi yoyote ikiwa tawi la mti limekaribia ghala, au ikiwa mtu ameegemeza jembe au ngazi kwenye nguzo. Hapo ndipo wengi hukosea. Hununua bati zuri, kisha huacha fito imeegemea ukutani, na asubuhi hulaumu bati.

Vivyo hivyo kwa mipapai. Kuzumburu, ndege wale wa kijivu wenye mkia mrefu waendao kwa makundi na kutambaa matawini kama panya, huweza kulitoboa papai moja baada ya jingine kabla halijaiva sawasawa. Mfuko wa kitambaa chepesi uliofungwa juu ya tunda hutosha, na gharama yake ni kipande cha nguo kuukuu. Yafaa pia kuondoa chini matunda yaliyooza, kwani ndilo tangazo lenyewe.

Mambo haya yaonekana madogo, na kweli ni madogo. Anayepoteza papai hupoteza papai. Huko juu hali ni nyingine.

NJIA YA KUPANDA BUGESHI

Kutoka Gisenyi njia huacha ziwa nyuma na kupanda kuelekea kaskazini na mashariki. Hewa hupoa haraka. Migomba hupungua, na mahali pake hushikwa na viazi, mahindi, njegere na maua meupe ya pareto. Ardhi yote ni mawe. Kila anayelima huanza kwa kuyaokota, akayapanga kandokando mwa shamba kuwa ua mweusi ufikao magotini. Nyumba zimesogeleana, watoto ni wengi, na hakuna kipande cha ardhi kilichoachwa bure. Mbele umesimama Karisimbi, mrefu kuliko ndugu zake wote kwa meta 4,507, aghalabu umejifunika mawingu.

Umurenge wa Bugeshi, yaani tarafa kwa lugha yetu, ndipo wilaya ya Rubavu inapokutana na Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Volkano. Mtu asiyepata kufika hapo hudhani kwamba mashamba hupungua polepole, vichaka vikaongezeka, mwisho ukawa msitu. Haiko hivyo. Shamba hufika mpaka kwenye ukuta wa mawe. Ng'ambo ya ukuta ni mwitu mzima. Mkulima akisimama kwenye tuta lake la mwisho aweza kutupa kokoto likaangukia makao ya sokwe wa milimani.

Ukuta huo watu huuita wa mbogo. Neno hilo Mswahili hahitaji kuelezwa, kwani Kinyarwanda husema imbogo, nasi wazee wetu walisema mbogo kabla ya neno nyati kuenea vitabuni. Umejengwa kwa mawe yale yale ya volkano, bila ya saruji wala udongo, jiwe likikaa juu ya jiwe kwa uzito wake. Urefu wake kwenda juu hauzidi sana kifua cha mtu mzima, lakini umeizunguka hifadhi upande wa Rwanda kwa zaidi ya kilomita sabini, na mahali pengine umeongezewa handaki. Hakuna mwamba wa ajabu wala mnara. Mgeni aliyezoea kuona kuta za ngome atauona kuwa kazi ya kawaida sana, mpaka akumbuke kwamba kila jiwe lake lilibebwa kwa mikono.

Mbogo ni mnyama mzito na hapendi kuruka. Akifika ukutani usiku, akiwa peke yake au na wenzake, huufuata kandokando akitafuta mlango. Na mlango aghalabu anaupata. Mvua kubwa ikinyesha juu ya volkano, maji hushuka kwa makorongo kwa nguvu ya kutisha, na ukuta hauwezi kukingama mbele ya korongo, maana ama maji yataubomoa, ama yatageuka na kuingia majumbani. Yanapopita maji, mbogo naye hupita. Mahali pengine mawe yameporomoka yenyewe, au mtu ameruka usiku kwenda kukata mianzi au kuteka maji akaangusha matano, na asubuhi hakuyarudisha.

Mbogo mmoja aliyeingia shambani hamalizi viazi kwa kula. Anavimaliza kwa kukanyaga. Matuta yaliyoinuliwa kwa jembe wiki nzima husawazishwa kwa usiku mmoja, na viazi vilivyochubuliwa huoza ardhini. Wala hakuna wa kumfukuza kwa urahisi, kwani mbogo akisukumwa gizani huweza kumgeukia mtu, naye ameua watu katika nchi zetu zote za Afrika Mashariki. Kwa hiyo mlinzi wa usiku hupiga debe, huwasha moto, hupaza sauti, na hukaa mbali.

MWIZI AJAYE MCHANA

Ikiwa mbogo ndiye aliyepimiwa ukuta, kima hakupimiwa chochote. Kima wa dhahabu wa Virunga, mwenye mgongo wa rangi ya chungwa na mashavu yaliyotuna, haonekani porini popote duniani ila katika milima hii na katika misitu michache ya jirani. Kinyarwanda humwita inkima, jina ambalo mtu wa Mombasa au wa Tanga atalitambua bila ya mkalimani. Chakula chake kikubwa ni mianzi, majani yake na hasa machipukizi yake wakati wa mvua. Lakini kiazi mviringo kilichokomaa ni rahisi kuliko mwanzi. Hakikimbii, hakina miiba, nacho kimefukiwa chini kidogo tu.

Kundi lao laweza kufikia kima themanini au zaidi. Huja mchana, kwa sababu usiku hulala mitini kama watu walalavyo vitandani. Ukuta kwao ni baraza. Hukaa juu yake kwanza, wakilitazama shamba, wakimtazama mlinzi. Na mlinzi akielekea mwisho mmoja wa shamba, wao huingia kwa mwisho wa pili. Hufukua kwa mikono, huchukua kiazi, hukimbia nacho mpaka ukutani, hukitafuna hapo mbele ya macho ya mwenyewe. Yeye amekesha kwa ajili ya mbogo. Sasa kumepambazuka, na zamu ya kima ndiyo kwanza inaanza.

Hapa ndipo penye jambo zito la habari hii. Mtu akisoma juu ya ukuta na kima aweza kucheka. Lakini shamba linalohitaji mlinzi usiku na mlinzi mchana ni shamba linalokula watu wa nyumba. Baba akilinda usiku, hawezi kufanya kibarua kesho yake. Mama akilinda mchana, mtoto mdogo yuko mgongoni na sokoni hapana aendaye. Na wote wawili wakishindwa, hutumwa mtoto aliye mkubwa kidogo, ambaye jina lake limo katika daftari ya shule. Viazi huchukua miezi mitatu hata minne kukomaa, na wiki zenye hatari zaidi ni zile za mwisho, vinapokuwa vimenona. Siku hizo mwalimu huona madawati yenye nafasi.

Msomaji wa Morogoro au wa Rufiji hatashangaa. Kuamia ndege katika mpunga, kukaa juu ya dungu na kombeo mkononi tangu alfajiri mpaka magharibi, ni kazi ambayo vizazi vyetu vingi vilipewa vikiwa na umri huo huo. Tofauti ni kwamba ndege wa mpunga, kama kwerea, hana mtetezi. Mkulima aweza kumwinga, kumtega na hata kumtia chunguni. Kima wa dhahabu ni mali ya taifa, amelindwa na sheria, na wageni huvuka bahari kuja kumpiga picha. Yule Mmarekani mwenye kisahani uani kwake ampenda ndege na kumchukia kindi. Ni viumbe wawili tofauti, naye aweza kumzuia mmoja na kumkaribisha mwingine. Kwa mkulima wa Bugeshi, anayependwa na anayeiba ni mnyama huyo huyo mmoja.

Zanzibar wanayo habari inayofanana na hii, na yafaa kukumbukwa. Karibu na msitu wa Jozani, kima punju, ambao nao hawapatikani kwingine ila Unguja na Pemba walikopelekwa, hula vidaka vya minazi katika mashamba ya watu, na wakulima kwa muda mrefu waliwahesabu kuwa waharibifu. Watafiti wawili, Kirstin Siex na Thomas Struhsaker, walihesabu nazi na kuchapisha matokeo yao mwaka 1999. Waliona kwamba minazi iliyoliwa zaidi na kima haikupunguza mavuno yake. Kinyume chake, mavuno yalielekea kuwa mazuri, kama kwamba kupunguza vidaka kulisaidia vile vilivyobaki. Ingependeza kama ingekuwa vivyo hivyo kwa viazi. Lakini mnazi una vidaka vingi kuliko uwezo wake wa kuvilea, na shina la kiazi halina ziada ya namna hiyo. Kilichofukuliwa kimekwenda.

NANI ALIYEMSOGELEA MWENZIWE

Haki yataka isemwe pia kwamba mnyama hakuja mbali. Hifadhi hii ni sehemu ya ile iliyotangazwa na Wabelgiji mwaka 1925, ya kwanza ya aina yake barani Afrika, ikiitwa kwa jina la mfalme wao Albert. Upande wa Rwanda ulikuwa mkubwa kuliko ulivyo leo. Ulikatwa mara kadhaa, na mkato mmoja mkubwa ulifanywa mwishoni mwa miaka ya 1960, pale eneo pana la msitu wa chini lilipofyekwa na kugawiwa familia ili zilime pareto, zao lililokuwa na soko Ulaya kwa ajili ya dawa ya wadudu. Leo imebaki hifadhi ya kilomita za mraba zipatazo 160. Ukanda wa chini, wenye malisho na mianzi, ndio uliokwenda. Ndiyo maana hapana kichaka cha katikati, na ndiyo maana mbogo akishuka kidogo tu hukuta kiazi.

Kusini ya Gisenyi msitu wa Gishwati ulipata msiba mkubwa zaidi. Ulikuwa mpana, ukaliwa na malisho na mashamba, kisha na makazi ya watu waliorejea baada ya mwaka 1994, mpaka karibu na mwaka 2002 vilibaki vipande vya kilomita za mraba chache tu, kima wa dhahabu na sokwe mtu wachache wakiwa wamebanwa ndani yake. Sheria ya kuufanya hifadhi ya taifa pamoja na Mukura ilitungwa mwaka 2015. Huko nako mahindi ya pembezoni hulindwa kwa mayowe.

Lakini hoja hii, ingawa ni ya kweli, haimlishi mtu. Aliyepewa shamba mwaka 1969 hakulichora yeye mwenyewe kwenye ramani, na mjukuu wake anayelinda leo hakuwapo.

Serikali ya Rwanda imejaribu njia kadhaa, na baadhi yake zastahili kusifiwa bila ya kuzidisha. Tangu mwaka 2005 sehemu ya mapato ya utalii wa hifadhi, kwanza asilimia 5 na tangu mwaka 2017 asilimia 10, hutengwa kwa ajili ya majirani wa hifadhi. Kibali cha kuwatazama sokwe wa milimani kwa saa moja kiligharimu dola 1,500 tangu mwaka huo wa 2017, kwa hiyo asilimia hiyo si kitu cha kudharauliwa. Fedha hizo zimejenga madarasa, zahanati na matangi ya maji, na matangi yamekuwa na faida ya pili: anayepata maji kijijini haruki ukuta kwenda kuyateka msituni, wala haangushi mawe. Mwaka 2011 ilitungwa sheria ya mfuko maalumu wa dhamana ambao, pamoja na ajali za magari, huwafidia watu walioharibiwa mali au kuumizwa na wanyama pori. Aliyepata hasara hana budi kutoa taarifa upesi na kuonyesha uharibifu wenyewe, ndipo upimwe na kuandikwa. Fidia hulipa viazi. Usiku uliokeshwa na siku ya shule iliyopotea havina safu katika fomu.

Tena darasa ni la kijiji kizima, na viazi vilivyofukuliwa ni vya mtu mmoja. Anayeishi karibu na barabara, kilomita mbili kutoka ukutani, hufaidi darasa lile lile bila ya kumjua kima. Uharibifu hukaa kwenye mashamba ya mstari wa mwanzo. Hilo ndilo gumu kuliko yote kulisawazisha, na hadi sasa halijasawazishwa.

Katika miaka hii ya 2020 umeanza mpango mwingine mkubwa, wa kuipanua hifadhi kwa kiasi cha asilimia 23 na kuzihamishia familia za pembezoni katika vijiji vipya. Sokwe wanahitaji nafasi. Hesabu ya mwaka 2015 na 2016 ilipata 604 katika milima ya Virunga, idadi iliyopanda sana tangu siku zile Dian Fossey alipoanzisha kituo chake cha Karisoke mwaka 1967 na kwa miaka mingi baadaye. Ukuta basi utahama mahali pengi. Na popote utakapohamia, patakuwa na shamba la mstari wa mwanzo.

KINACHOPANDWA MBELE YA MLANGO

Wakulima wenyewe wanajua jambo ambalo wageni huchelewa kulielewa, kwamba mlinzi wa kwanza ni zao. Pareto haina ladha kwa mbogo wala kwa kima. Ni maua machungu yenye dawa ndani yake. Shamba lenye pareto upande wa ukuta na viazi upande wa nyumba hulindwa kwa urahisi kuliko lile lililogeuzwa, kwani mwizi hulazimika kutembea mahali peupe kabla ya kufika mezani. Kusini mwa Rwanda, kandokando ya msitu wa Nyungwe, chai hufanya kazi hiyo hiyo, kijani chake kikilala kama mkeka kati ya msitu na mashamba. Ila pareto huuzwa, hailiwi, na mtu mwenye robo eka ambaye watoto wake wanataka chakula leo hawezi kuambiwa kwa wepesi apande maua. Shauri hilo ni jema kwa mwenye nafasi.

Wapo waliopanda mikaratusi ukingoni kwa ajili ya kuni, wakidhani hapana mnyama atakayeitaka. Ikaonekana kwamba sokwe huvuka ukuta na kuyabandua magome yake, kwa sababu yana chumvichumvi ambayo chakula chao cha msituni hawana ya kutosha. Dume zito la sokwe likikaa chini ya mkaratusi wa mtu na kuuchuna kama muwa, mwenye mti huitwa asimame kando. Hapigi kelele za kuudhi, hatupi jiwe, hasogei karibu asije akamwambukiza mafua. Hupeleka habari kwa askari wa hifadhi na kwa vikundi vya wanavijiji vilivyofunzwa kuwarudisha taratibu. Uvumilivu huo haukuzaliwa nao. Umejengwa kwa miaka, kama ukuta.

Kuna na njia iliyo mbaya, nayo yafaa itajwe. Mtu aliyechoka hutega kitanzi cha waya au cha kamba ng'ambo ya ukuta, akitaka swala au mbogo, kupata nyama mahali pa viazi vyake. Kitanzi hakichagui. Sokwe wengi wachanga wamenaswa mkono au mguu katika mitego ambayo haikuwa yao, wengine wakafa kwa vidonda.

Mengine yaliyobaki ni ya kawaida: kulima pamoja na kuvuna pamoja, ili ulinzi wa wiki za mwisho ugawanywe kwa majirani wote wa ukingo mmoja, kufyeka magugu kando ya ukuta ili kima asijifiche, kuvuna sehemu ya ukutani mapema, hata kama viazi ni vidogo kidogo, kutoacha marundo ya viazi shambani usiku. Kinyago cha nguo kuukuu huwatisha kima kwa siku mbili au tatu. Siku ya nne hukikalia.

Na kuna mawe. Ukuta usio na saruji una faida hii, kwamba yeyote aweza kuutengeneza bila ya fundi wala fedha, na una hasara hii, kwamba hauna budi kutengenezwa daima. Katika Jumamosi ya mwisho ya mwezi, siku ya umuganda, kazi za pamoja hufanywa nchini kote. Lakini pengo lililofunguka Jumatatu haliwezi kungoja Jumamosi ya mwisho. Wenye mashamba ya mstari wa mwanzo hawangoji.

Jioni, jua linapotelemka nyuma ya Nyiragongo na Ziwa Kivu huko chini limekuwa kama sinia la shaba, kima hurudi mianzini kwa kelele. Wanawake huteremka na mizigo ya kuni, na wale wa zamu ya usiku hupanda wakiwa wamejitanda mablanketi, debe tupu likining'inia mkononi. Mtu hutembea kandokando ya ukuta wake akiutazama kabla giza halijaingia. Palipoanguka jiwe huinama, akaliokota, akaligeuza mara mbili mpaka likae, kisha akaendelea mbele.